Breki za Gari la Mdogo Wangu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa kila mja pumzi zake kwa kipimo na akamfichia mwisho wake ili aweze kulala na kuamka bila hofu. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa mdogo wangu niliyekaa naye duniani muda mrefu kuliko watu wengi wanavyokaa na ndugu zao. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, nataka kueleza habari za gari la mdogo wangu, jinsi tulivyozitengeneza breki zake, na jinsi alivyokufa akiwa ndani yake.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura. Asubuhi nafundisha Kurani pembeni ya msikiti, na tangu ujana wangu nikitoka hapo naenda gereji. Mdogo wangu hakupenda gereji. Alisema mikono inayonuka grisi haifai kushika sahani. Yeye aliendesha teksi, na baadaye akawa dereva wa mfanyabiashara mmoja mgeni aliyekuwa na nyumba kule Gihosha, mtaa wa mlimani juu ya mji. Mgeni huyo alipoondoka Bujumbura moja kwa moja, alimwachia gari lake la zamani, gari la spoti la milango miwili, fupi, lililokaa chini kabisa, rangi ya kijani iliyopauka. Lilikuwa limetengenezwa wakati sisi wawili bado vijana.

Mtaani walimcheka. Lilikuwa dogo mno, na yeye alikuwa mtu wa mwili. Kila akijipenyeza ndani, jirani yetu fundi cherehani alimuuliza kama gari analipanda au analivaa. Mdogo wangu alimjibu kwamba analivaa, na kwamba hata yeye akitaka atamshonea lake. Alilipenda gari lile kama mtu anavyopenda kitu alichokipata baada ya kukata tamaa ya kupata chochote. Mke wake alisema analiosha kuliko anavyooga.

Ukija wakati wa shida ya esansi, ndivyo tunavyoiita petroli huku, gari lile lilikaa uani likifunikwa turubai. Tumekuwa na shida hiyo mara nyingi miaka hii. Magari yanapanga foleni mpaka yanazunguka mtaa, watu wanalala ndani yake, na siku inayofuata wanaambiwa haikuja. Ndipo madereva wakazoea tabia ambayo lazima niieleze, kwa sababu habari yote hii inasimama juu yake. Anayeshuka kutoka milimani huzima injini. Anaweka gia huru, anazima, na gari linashuka lenyewe kwa uzito wake mpaka tambarare, ndipo anawasha. Kutoka Gihosha kwenda mjini utaona teksi zinashuka hivyo, kimya, moja nyuma ya nyingine. Mdogo wangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alijisifu kwamba anajua kila tone analoliokoa, na vijana wa teksi walimwomba awaonyeshe pa kuzimia na pa kuwashia.

Binti yake ameolewa Muramvya, kule juu milimani. Alipopata ujauzito wa kwanza, mdogo wangu alilitoa gari chini ya turubai akapanda nalo kwenda kumwona. Kwenda ni kupanda, halikumpa taabu. Kurudi ni kushuka kutoka Bugarama, ambako teremko linaanza, mpaka mjini, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na shimo upande mwingine, na waendesha baiskeli waliobeba ndizi na makaa wakiteremka kama wamerushwa. Alifika nyumbani magurudumu ya mbele yakitoa moshi. Pedali ya breki ilikuwa imelala sakafuni kabisa, na kilomita za mwisho alizimaliza kwa breki ya mkono. Aliniambia habari hiyo akicheka. Mke wake hakucheka. Alikuja gereji mwenyewe, jambo asilolifanya, akasimama mlangoni.

“Shemeji,” akasema, “huyu hataacha kwenda kwa mutoto wake, mi namujua. Basi utengeneze freni, anirudilie muzima. Ukishindwa uniambie, nitaichoma moto hiyo gari.”

Nilimwambia kwa idhini ya Mungu nitazitengeneza hizo breki.

Tulianza wiki ileile. Nilipofungua mfuniko wa kopo la maji ya breki nilikuta maji meusi kama kahawa iliyochacha. Maji ya breki yakikaa muda mrefu hunywa unyevu wa hewa, na katika mji ulio kando ya ziwa hunywa zaidi. Breki zikipata moto, ule unyevu huchemka, unakuwa mvuke, na pedali inaminya mvuke badala ya kuminya breki. Ndiyo sababu ilimlalia sakafuni. Mipira ya kupitisha maji ilikuwa imepasuka ngozi. Upande wa kushoto vyuma vinavyobana disiki, ile sahani inayozunguka na gurudumu, vilikuwa vimeganda kwa kutu, kwa hiyo gari likikanyagwa breki lilikuwa linaenda kulia. Nilimwonyesha kila kitu. Akawa anatikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa vidonda vya mgonjwa wake.

Ningeweza kurudisha breki zilivyokuwa mwanzo na kuishia hapo. Lakini breki za mwanzo zenyewe zilikuwa dhaifu. Gari lile lilitoka kiwandani bila servo. Servo ni lile duara kubwa la bati linalokaa nyuma ya pedali. Injini ikiwa inazunguka inavuta hewa kutoka ndani yake, na nguvu hiyo inausaidia mguu. Gari lisilo na servo linataka mguu wa nguvu siku zote, na mguu wa mdogo wangu haukuwa tena wa nguvu. Goti lilikuwa linamuuma tangu siku za teksi. Basi tulitafuta. Kwa rafiki yangu anayeuza vyuma vya magari yaliyokufa, tulipata gari la kiwanda hichohicho, la miaka ya baadaye, lililogongwa nyuma. Sehemu ya mbele ilikuwa nzima. Tukachukua disiki zake kubwa, vibano vyake, pampu yake na servo yake.

Kazi hiyo tuliifanya kidogo kidogo, siku za Alhamisi na Jumapili, kwa sababu sikuwa na haraka na kitu kama hicho hakitaki haraka. Nilitoboa upya, nikachonga vishikio, nikafunga, nikafungua, nikafunga tena. Yeye alikaa kwenye kigoda akisugua disiki kwa msasa na kunisimulia maneno ya mjini. Nilipoingia chini ya gari nilisema bismillahi na dua fupi, kama nilivyozoea. Aliniuliza kama namwombea gari au najiombea mwenyewe, maana dua ilikuwa ndefu kuliko ya kuzika. Nilimwambia nyamaza, usimcheke mtu aliyelala chini ya chuma chako.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutoa hewa. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani akikanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu na spana ndogo. Mimi naita, “Pompa,” naye anapiga pedali. Naita, “Shika,” anaikandamiza na kutulia. Nafungua skurubu, maji yanatoka na mapovu, naifunga, naita, “Achia.” Gurudumu la nyuma kulia kwanza, kisha la kushoto, kisha ya mbele, mpaka maji yatoke safi bila povu hata moja. Tuliendelea hivyo mchana kutwa, sauti yangu na mguu wake. Hatukuwa tumefanya kazi pamoja tangu tulipokuwa tunachota maji kwa mama yetu.

Tulipomaliza tulilijaribu barabarani. Mguu wake uligusa pedali kidogo tu na gari likasimama mpaka kofia yake ikaangukia mapajani. Akaiokota, akasema kwamba maisha yake yote alikuwa anapigana na breki bila kujua.

Hapo ndipo nilipomweleza. Nililisimamisha gari uani, nikamwambia azime injini na akanyage. Akakanyaga, pedali ikashuka vizuri. Mara ya pili ikashuka nusu. Baada ya hapo ikawa ngumu kama amekanyaga kizingiti cha mlango. Nikamwambia: umeona? Injini ikizima, servo inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Ikiisha, unabaki na mguu wako peke yake, na disiki hizi na pampu hii zimepimwa kwa mguu unaosaidiwa. Zamani ulizima ukashuka, na pedali ilikuwa ileile, ngumu lakini inayojulikana. Sasa usizime.

Hakukubaliana nami mara moja. “Kaka, teksi yangu ilikuwa na servo,” akasema. “Na Gihosha nilikuwa nazima kila siku. Sikugonga hata kuku.”

Nikamwambia Gihosha ni teremko fupi. Unakanyaga mara moja, mara mbili, umefika chini. Bugarama unakanyaga kila kona. Na gia ikiwa huru, hakuna kinacholizuia gari ila breki. Alinisikiliza. Akarudia kukanyaga ile pedali iliyokufa, mara moja tena, kama anayeikariri. Kisha akawasha injini, ikawa laini, akatabasamu. Nilimweleza na mke wake maneno hayohayo, naye kila alipomwona anachukua ufunguo alimkumbusha, mpaka mdogo wangu akamwambia ameoa mafundi wawili.

Mjukuu alizaliwa. Siku ya kumpa jina, mdogo wangu alipanda Muramvya peke yake, kwa sababu mke wake alikuwa ametangulia kwenda kumhudumia binti na alikuwa amesharudi na homa. Esansi ilikuwa imeadimika tena. Aliyokuwa nayo alikuwa ameikusanya kwa taabu, na ilitosha kwenda na kurudi bila ziada. Yaliyotokea kule niliambiwa baadaye na binti mwenyewe. Mtoto alikuwa anapumua vibaya tangu alfajiri. Mume wa binti ana pikipiki, lakini tangi lilikuwa kavu. Mdogo wangu alichukua mpira, akavuta esansi kutoka kwenye gari lake kwa mdomo, akaimimina kwenye pikipiki, wakampeleka mtoto kituo cha afya. Mtoto yuko hai, Mungu ashukuriwe, ameanza kutambaa. Binti alimuuliza baba yake atarudije. Akamjibu kwamba kurudi ni kushuka tu.

Nilipigiwa simu baada ya sala ya alasiri. Aliyepiga alikuwa polisi, akitumia simu ya marehemu, na jina langu lilikuwa la kwanza kwenye simu zilizopigwa. Alisema gari limegonga ukuta wa mlima chini ya Bugarama. Alisema, mzee, uje na mtu. Ndivyo wanavyosema.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilimwosha mimi mwenyewe, pamoja na imamu wetu na mwanangu mkubwa. Nimeosha maiti wengi katika maisha yangu, na najua kushusha macho. Lakini anayeosha lazima aoshe kila kiungo. Kifua ndicho kilichomuua. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba kutoka kisigino mpaka goti, na unyayo umekuwa mweusi, mfupa wa katikati umevunjika. Mwanangu aliuliza kwa sauti ndogo umegongwa na nini. Nilimwagia maji nikaendelea. Mguu ule ulikuwa umekanyaga mpaka mwisho, ukaendelea kukanyaga baada ya mwisho.

Tulimzika kesho yake. Watu walikaa matangani kwake, wanaume barazani kwenye mikeka, wanawake ndani. Na maneno yalianza, kama yanavyoanza. Hakuna aliyeniambia usoni. Lakini mafundi wenzangu waliokaa karibu na ukuta walikuwa wanaulizana nani alifunga zile breki, na kwa nini mtu achanganye vyombo vya gari hili na lile. Mmoja alisema freni za kuunga zimemuua mzee wa watu. Nilisikia. Nilikuwa nashika tasbihi na niliendelea nayo. Sikujua kweli yenyewe. Nilikuwa najiuliza kama kuna skurubu iliyolegea, mpira uliochomoka. Gari lilikuwa uwanja wa polisi, na sikuwa na nguvu ya kwenda kuliangalia.

Siku ya tatu, kisomo kilipokuwa kimemalizika na watu wanakunywa chai, aliingia mtu tusiyemjua. Alikuwa na umri wa makamo, miguu imejaa vumbi, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Alivua kofia, akasimama bila kujua akae wapi. Alisema kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi kwamba yeye ni mbebaji wa ndizi, anashuka na baiskeli kutoka Bugarama, na kwamba mutu anayeliliwa hapa ndiye aliyemwachia roho yake. Tulimkaribisha akakaa ukingoni mwa mkeka. Chai hakuigusa.

Alieleza polepole. Walikuwa waendesha baiskeli kadhaa wakishuka pamoja, mikungu imewafunika migongo, wametanda barabara yote. Hawawezi kutazama nyuma. Wanategemea masikio, wakisikia gari wanajibana pembeni.

“Ile gari hatukuisikia,” akasema. “Siku zote moteri inasikilika tokea kona ya juu. Ile ilikuja kimya. Nilisikia honi tu, honi, honi, haiachi. Nikageuka, nikamuona. Alikuwa amesimama ndani ya gari, karibu kusimama, anasukuma chini. Aliniangalia. Halafu akakata usukani akaenda ku mlima. Mi ndo nilikuwa mbele yake.”

Mafundi waliokaa ukutani walishusha vikombe. Mimi nilijua kabla hajamaliza sentensi ya pili, na nadhani kila dereva aliyekuwa pale alijua. Nilimshukuru yule mtu, nikamwambia kuwa hai kwake ni zawadi ya Mungu na asijilaumu. Akalia.

Mke wa marehemu aliniita nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa amesikia yote.

“Shemeji. Aliizima?”

“Aliizima.”

Alikaa chini pale pale kizingitini. Nilimwambia, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, kwamba maiti husitiriwa. Makosa yake hayatangazwi. Yanafunikwa pamoja naye. Kama watu wanasema ni breki zangu, waache waseme. Mimi ni mzee, nitalibeba.

Akainua uso. “Unafunika nini, Shemeji? Aliiba? Alitoa esansi yake kwa mutoto, akazima juu ya esansi haikutosha. Hao wote waliokaa hapo wanazima. Kesho watazima. Kila moja ana bibi yake ku nyumba. Nenda uwaambie, au nitoke niwaambie mi, na eda yangu hii.”

Nilirudi barazani. Nikasimama kando ya nguzo. Niliwaambia gari lilivyokuwa kwanza na lilivyokuwa baadaye, servo inafanya nini, na inabaki na nini injini ikizimwa. Niliwaambia habari ya mtoto na pikipiki. Niliwaambia unyayo wake ulivyokuwa nilipomwosha, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitalisema mbele ya watu. Niliwaomba kwa jina la Mungu wasizime.

Kisha dereva mmoja wa teksi, kijana anayelisha wadogo zake, akaniuliza kwa adabu kabisa kama na teremko la Gihosha nalo ni hivyohivyo, au lile la Gihosha hapana, kwa kuwa ni fupi. Aliuliza akiwa na haja ya kweli ya kujua, na nyuso za wenzake zote zilinigeukia zikingoja. Niliona kwamba wananiomba niwaachie kidogo. Nikamwambia hata Gihosha. Akainamisha kichwa. Hakusema atafanya nini, nami sikumlazimisha, maana nilijua tangi lake lilivyo.

Yule wa ndizi hurudi. Akishuka mjini hupita kwa mjane na kumwachia ndizi chache mlangoni, na yeye humwambia asilete, naye huleta. Vyuma vya gari viliuzwa. Kuna aliyekuja kuniuliza kama servo ilikuwa nzima, anaihitaji. Nilimwambia ndiyo, ni nzima, ilikuwa nzima siku ile pia. Akaichukua.

Baadhi ya jamaa wameniuliza, kwa nia njema, kama ningeacha breki za zamani je, si angeshuka kimya na pedali yake ngumu akafika? Nimelifikiria. Huenda angefika siku ile, huenda zingechemka tena kama mwanzo. Hilo nimemwachia anayejua yaliyokuwa na ambayo hayakuwa. Mimi ninachokijua ni kwamba ndugu yangu alipobaki na mguu wake tu, aliutumia mpaka ukavunjika, na alipoona hautoshi alichagua mlima badala ya mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa baadhi ya jioni shukrani hiyo ni nzito kuitamka.

Esansi bado ni ya kuhangaikia. Nikikaa nje baada ya magharibi kwa binti yangu anayekaa Gihosha, naona teksi zinashuka taa zimewaka na hakuna sauti. Huwa naziombea moja moja mpaka zipotee kwenye kona.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulinde unapotoka na unaporudi. Akupe riziki inayotosha safari yako, akupe subira pale isipotosha, na wanaokungoja nyumbani wakuone ukiingia mlangoni na afya yako. Amina.